Istilahi za Kilengeo cha Darubini ya Bunduki

1. Utangulizi

Nyamahanga ni jina la mahali mkoani Kagera. Kwa miaka mingi wakazi wa sehemu hizo walipakana na mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambamo uwindaji wa leseni uliruhusiwa. Mwaka 2019 mapori hayo matatu yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye eneo la takriban kilomita za mraba 4,700, na tangu hapo uwindaji ndani yake umekoma. Lakini bunduki yenye darubini haikutoweka pamoja na leseni. Askari wa wanyamapori wangali wanaitwa nyati anapoingia mashambani, na mtu aliyejifunza kazi ya kufuata nyayo katika mapori hayo ya zamani anaweza kuipeleka kazi yake katika vitalu vya uwindaji vya mapori mengine, kama vile Moyowosi au Rungwa.

Katika kazi hiyo Kiswahili ndicho kiungo. Mgeni mwenye leseni huzungumza lugha yake. Mwindaji bingwa humwelewa. Lakini mfuata nyayo, askari wa wanyamapori na dereva huelewana kwa Kiswahili, hata kama nyumbani mmoja husema Kihangaza, wa pili Kishubi, na wa tatu Kisukuma au Kihaya. Maelezo ya darubini, yaliyochapwa kwa lugha za kigeni na mafundi wa nchi za mbali, hayana budi kupita katika Kiswahili kabla hayajafika kwenye kidole kinachofyatua risasi.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza aina za alama zinazoonekana ndani ya darubini ya bunduki, ni ipi ifaayo kwa shabaha ya mbali, na ni maneno gani yafaayo kuziita. Mambo haya hayatenganiki. Neno lililosikiwa vibaya huweza kumwacha nyati na jeraha kichakani, naye nyati aliyejeruhiwa ni hatari kwa mfuata nyayo anayetangulia, na pia kwa mwanakijiji atakayepita kesho yake kuokota kuni.

2. Dhana yenyewe

Neno darubini lilitufikia kutoka Kiajemi, ambamo maana yake ni kitu kionacho mbali. Darubini inayofungwa juu ya mtutu haifanyi kazi ya kukuza tu. Ndani yake mna mchoro mwembamba uliowekwa mahali ambapo taswira ya mnyama hukusanyika, hata jicho likaona mchoro na mnyama kwa pamoja, kana kwamba mchoro umechorwa juu ya ngozi yake. Mahali mchoro unapoangukia ndipo risasi inapotarajiwa kufika.

Wazo hili ni la kale. Yasimuliwa kwamba William Gascoigne, mwanafalaki wa Kiingereza aliyefariki mwaka 1644, aliona uzi wa buibui aliyetanda ndani ya darubini yake. Kwa kuwa uzi ulikuwa mahali hasa ambapo taswira hukusanyika, ulionekana dhahiri pamoja na kitu alichokuwa akikitazama. Tangu hapo watu wametumia nyuzi za buibui, kisha waya mwembamba, na siku hizi mchoro uliochongwa juu ya kioo. Waingereza huuita mchoro huo retikali, neno lililotokana na Kilatini, maana yake wavu mdogo.

3. Kuteua jina la jumla

Utaratibu wa kuunda istilahi za Kiswahili unajulikana kwa wasomaji wa kurasa hizi. Kwanza tunatazama Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho lugha za kigeni. Mkoa wa Kagera wenyewe umekwisha kutupa neno moja muhimu kwa njia hii, yaani ngeli, lililotoka katika Kihaya, ambalo leo kila mwanafunzi wa sarufi analijua. Tukifuata utaratibu huo kwa mchoro wa darubini, tunapata majina matano ya kupimwa.

La kwanza ni msalaba, nalo ndilo jepesi kuliko yote kinywani. Kasoro yake ni kwamba linataja umbo la aina moja tu. Tukiliita kundi zima msalaba, tutalazimika kusema "msalaba usio na umbo la msalaba" tutakapofika kwenye aina nyingine.

La pili ni nyuzi. Ni neno zuri, tena lina historia ya yule buibui. Walakini katika hesabu tumekwisha kulitumia kupimia pembe, kama tusemavyo nyuzi 90. Na kwa kuwa mchoro wa darubini hutumika pia kupimia pembe, msemaji atajikuta akihesabu nyuzi kwa nyuzi, wala msikilizaji hatajua ni zipi mistari na zipi ni kipimo.

La tatu ni kimia, aina ya wavu wa kuvulia, na pia kitambaa kilichosukwa kwa matundu. Kwa maana, hili ndilo linalokaribia zaidi asili ya jina la kigeni, na mtaalamu aliye mezani angependa sana kulichagua. Lakini tulijaribu neno hili mahali litakapotumika. Mfuata nyayo amepiga goti nyuma ya kichuguu, upepo unamvumia usoni, naye anamnong'oneza mwenzake habari za kimia. Mwenzake atasikia "kimya", kisha atanyamaza na kutulia, wakati alitakiwa kutenda. Neno lisiloweza kunong'onwa halifai kazi ambayo karibu yote hufanywa kwa kunong'ona.

La nne ni retikali yenyewe, likitoholewa. Halina kosa la matamshi, ila halimfundishi chochote mtu anayelisikia kwa mara ya kwanza. Kutohoa ni haki yetu pale njia nyingine zinaposhindwa, na hapa hazijashindwa.

La tano ni kilengeo, linalotokana na kitenzi lenga kupitia lengea, kwa njia ile ile iliyotupa kiegemeo kutokana na egemea. Maana yake ni kitu cha kulengea. Anayejua kulenga anajua kilengeo, awe mvuvi wa pwani au mkulima wa Nyamahanga asiyepata kuona wavu wa baharini. Huenda likapingwa kwamba jina hili laweza kumaanisha pia kile chuma kilicho juu ya mtutu wa bunduki isiyo na darubini. Kwetu sisi hiyo ni faida. Kazi ya vyote viwili ni moja, nasi tutavipambanua kwa kusema kilengeo cha chuma na kilengeo cha darubini. Ndilo jina tunalolitumia kuanzia hapa.

4. Aina za vilengeo na matumizi yake

Aina ya kwanza ni kilengeo cha msalaba, chenye mistari miwili myembamba inayokatana katikati. Hakifichi sehemu kubwa ya mnyama, kwa hiyo chafaa sana kulengea karatasi ya mazoezi mchana kweupe. Lakini nyakati za alfajiri na magharibi, ambapo wanyama hutoka malishoni, mistari yake myembamba hupotea mbele ya ngozi nyeusi ya nyati.

Ya pili ni kilengeo cha mikono minene. Huu ni msalaba ambao mikono yake ni minene pembeni na hupungua kuwa myembamba karibu na kitovu. Unene huvuta jicho kuelekea katikati hata katika mwanga hafifu, na wembamba wa kitovu hauzibi shabaha. Kampuni ya Leupold ya Marekani ilikieneza tangu mwaka 1962, na hadi leo ndicho kinachopatikana zaidi katika bunduki za wawindaji.

Ya tatu ni kilengeo cha nguzo, kilichopendwa sana na Wajerumani. Nguzo tatu nene hutoka kushoto, kulia na chini, na juu huachwa wazi au huwekwa mstari mwembamba tu. Ni chombo cha misitu na giza la jioni. Mwenye kukitumia humwona mnyama upesi, ila hakimpi msaada wowote wa kupima umbali mrefu.

Ya nne ni kilengeo cha ngazi. Chini ya kitovu chake mna vijistari kama vipandio vya ngazi, kila kimoja kwa umbali wake. Ili kukielewa hatuna budi kukumbuka kwamba risasi haiendi kwa mstari ulionyooka, bali huanguka kadiri inavyosafiri. Tuchukue bunduki ya .30-06 yenye risasi ya gramu 11.7, inayotoka mtutuni kwa kasi ya karibu mita 820 kwa sekunde, nayo imerekebishwa ili kupiga kitovuni kwa mita 200. Kwa mita 300 risasi hiyo itakuwa chini ya kitovu kwa takriban sentimita 25, na kwa mita 400 itakuwa chini kwa karibu sentimita 70. Mtumiaji wa ngazi hahesabu chochote. Huweka kipandio cha 300 au cha 400 juu ya mnyama. Ubaya wake ni kwamba ngazi huchorwa kwa risasi ya aina moja. Akibadili risasi, vipandio vile vile humdanganya.

Ya tano ni kilengeo cha vipimo. Mikono yake ina nukta au vijistari vilivyopangwa kwa pembe zinazolingana. Aina yake ya nukta ilianza kutumiwa na askari wa majini wa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Hakifungwi na risasi ya aina moja, na chaweza kupima umbali pia. Lakini humtaka mwenyewe ajue hesabu, tena aijue kabla mnyama hajatokea.

Vilengeo vya aina zote hizi huweza kutiwa taa ndogo inayowasha kitovu. Hiyo ni sifa ya ziada, wala si aina ya sita, na tunapendekeza isemwe tu kilengeo chenye taa.

5. Vipimo vya pembe

Vilengeo vya vipimo hutumia mojawapo ya vipimo viwili. Kimoja ni miliradiani, ambayo kwa mita 100 huwa sawa na sentimita 10, na kwa mita 300 huwa sentimita 30. Cha pili ni dakika ya pembe, yaani sehemu moja ya 60 ya digrii, ambayo kwa mita 100 huwa sawa na sentimita 2.9. Kwa nchi itumiayo mita, miliradiani ni nyepesi zaidi. Nyati mwenye kimo cha sentimita 150 begani akionekana amejaza miliradiani 5, tunazidisha 150 kwa 10 na kugawa kwa 5, tunapata mita 300.

Kiistilahi, vipimo vyote viwili vina mitego. Dakika ikisemwa peke yake humaanisha wakati. Anayeambiwa "dakika tatu" ana haki ya kungoja dakika tatu, na mnyama hatamngoja. Miliradiani nayo ni ndefu mno kwa mnong'ono, na wanaoikata wakasema mili hulileta neno linalofanana na mbili. Pendekezo letu ni kwamba katika maandishi iandikwe miliradiani na dakika ya pembe kwa ukamilifu, na katika mazungumzo ya porini isemwe alama, baada ya wote kukubaliana tangu kambini kwamba alama ni ile iliyochorwa katika darubini ya bunduki hiyo.

Tahadhari ya namna hiyo yahitajika pia kwa maneno juu na chini. Mtu akisema "juu kidogo" baada ya risasi kukosa, je, anaeleza kwamba risasi ilipita juu, au anaamuru kwamba inayofuata ilengwe juu? Maana hizo mbili zinapingana kabisa. Afadhali isemwe "ilipita juu" kwa habari, na "lenga juu" kwa amri. Kitenzi kimoja kilichotajwa wazi chaweza kuokoa risasi ya pili.

6. Kilengeo kikuacho na kilengeo thabiti

Tumeacha kwa makusudi jambo linalowapotosha wengi kuliko yote. Darubini nyingi za siku hizi huweza kubadili ukuzaji, tuseme kutoka mara 4 hadi mara 12. Viwandani hutengenezwa kwa namna mbili, ambazo huitwa kwa majina ya mahali mchoro ulipowekwa, mbele au nyuma ya lenzi zinazobadili ukuzaji. Majina hayo humfaa fundi aliyeifungua darubini. Mtumiaji hawezi kuyaona yanayotajwa, kwa hiyo hayamfai.

Anachokiona mtumiaji ni hiki. Katika namna ya kwanza, anapoongeza ukuzaji, mnyama hukua na mchoro hukua pamoja naye. Hivyo alama moja hubaki na thamani ile ile daima. Tunapendekeza kiitwe kilengeo kikuacho. Katika namna ya pili, mnyama hukua lakini mchoro hubaki kama ulivyo. Hivyo thamani ya alama hubadilika kila ukuzaji unapobadilika. Hiki tunakiita kilengeo thabiti, kwa kuwa umbo lake halibadiliki machoni.

Tofauti hii ina uzito mkubwa. Tuseme darubini ina kilengeo thabiti ambacho alama zake ni sahihi kwa ukuzaji wa mara 12. Mwindaji ameshusha ukuzaji hadi mara 6 ili apate kuona kundi zima. Sasa kila alama moja ni sawa na miliradiani mbili. Nyati yuko mita 300. Kwa bunduki ya mfano wetu, mwindaji alihitaji karibu miliradiani 0.8, lakini kwa kuhesabu alama zake kama zilivyoandikwa, amelenga kwa 1.6. Risasi itafika sentimita 24 juu ya mahali alipokusudia. Badala ya kupita moyoni na mapafuni, itapita juu ya mgongo, au itaingia mgongoni na kumwacha nyati akikimbia na jeraha lake. Mwindaji hakutetemeka, bunduki haikuwa mbovu, wala upepo haukuvuma. Hakuambiwa tu kwa lugha anayoielewa kwamba kilengeo chake hakikui.

Kasoro ipo upande wa pili pia. Kilengeo kikuacho, ukuzaji ukiwa mdogo, huwa chembamba mno kwa jioni; na ukiwa mkubwa chaweza kunenepa hata kikaficha shabaha ndogo. Hapana kilengeo kisichodai kitu kwa mwenyewe.

7. Basi ateue kipi?

Kwa misitu ya miombo, ambamo miti haiachi nafasi kubwa ya kuona na mnyama hupigwa kwa umbali usiozidi mita 150 au 200, kilengeo cha mikono minene au cha nguzo kinatosha kabisa, na alama nyingi ni mzigo kwa jicho. Kwa mabonde ya nyasi yaliyo wazi, ambako shabaha huweza kuwa ya mita 300, kilengeo cha ngazi kinamfaa mtu wa risasi moja asiyebadili, na kilengeo cha vipimo kinamfaa aliyefanya mazoezi ya kutosha. Katika hali hiyo kilengeo kikuacho ni salama zaidi. Mwenye kilengeo thabiti hana budi kujiwekea sharti kwamba hatahesabu alama yoyote kabla ya kurudisha ukuzaji kwenye namba iliyokusudiwa na kiwanda.

Hata hivyo ifahamike kwamba kilengeo hupima pembe tu. Hakipimi upepo, wala pumzi ya aliyepanda kilima mbio. Kukaribia ni sehemu ya uwindaji tangu enzi ya upinde, na mita mia moja zilizotambaliwa kwa tumbo hupunguza makosa mengi kuliko alama ishirini zilizochongwa kiooni.

8. Mapendekezo

Kwa kufuata hoja hizo tunaleta istilahi zifuatazo zijadiliwe:

Kilengeo: alama yoyote ya kulengea iliyo juu ya bunduki au ndani ya darubini yake.
Kilengeo cha msalaba: chenye mistari miwili myembamba inayokatana.
Kilengeo cha mikono minene: msalaba ulio mnene pembeni na mwembamba kitovuni.
Kilengeo cha nguzo: chenye nguzo nene tatu zinazoelekea kitovuni.
Kilengeo cha ngazi: chenye vipandio vya umbali kwa risasi maalumu.
Kilengeo cha vipimo: chenye alama za pembe zinazolingana.
Kilengeo kikuacho: ambacho hukua pamoja na taswira.
Kilengeo thabiti: ambacho hakibadiliki taswira inapokua.
Alama: nafasi moja ya kipimo katika kilengeo, isemwapo porini.

Orodha hii haijakamilika. Wazee wa Kihangaza na Kishubi waliowinda kwa upinde na mkuki walikuwa na maneno yao ya kulenga, ya kukadiria umbali na ya kumweleza mwenzao bila kumshtua mnyama. Kabla orodha hii haijasanifiwa, ingefaa maneno hayo yakusanywe Nyamahanga na kwingineko, wasemaji wake wakiwapo. Likipatikana neno moja lililo fupi na bora kuliko letu, tutalipokea kwa furaha kama tulivyolipokea ngeli. Nalo lipimwe kama yalivyopimwa haya: linong'onwe mara moja nyuma ya kichuguu, kisha aulizwe aliyelisikia ameelewa nini.